Bibi wa Koridoni na Watazamaji Wake

Shangazi yangu analea watoto wa watu. Asubuhi wazazi wanamwachia pamoja na nepi na vikombe vyao, jioni wanawachukua wameoga, wameshiba, na wameshajifunza neno moja au mawili ambayo hakuna aliyewatuma wajifunze. Kazi hiyo anaipenda kupita kiasi. Ukimwambia nyumba yake ina kelele, anakushangaa wewe.

Kasheshe ni mchana, saa za kulala. Chumba kizima kimetandikwa vigodoro, na hakosekani anayejifanya kalala. Shangazi anavua viatu, anapita kati yao ubavu-ubavu, mikono nyuma, shingo kaipinda upande mmoja, anasikiliza pumzi. Anayezuga usingizi hupumua kwa bidii mno, ndivyo asemavyo. Akimbaini, anamwinamia, anamtazama mpaka afumbue jicho, kisha anamtabasamia.

Basi kitinda mimba wake, ambaye anapiga video za harusi na anataka sote tumwite Dairekta, akatengeneza filamu fupi ya kutisha. Aliyepangwa kuigiza mzuka akamkimbia, naye akamgeukia mama yake mzazi. "Mama, pita hapo koridoni kama unavyopita watoto wakilala. Usiigize chochote." Mama wa watu akapita. Hata hakuuliza filamu inahusu nini.

Ikapandishwa mtandaoni, maoni yakamiminika. Na maoni yenyewe sasa! Mmoja alisema ameitazama kajifunika mto usoni, na kwa hiyo anaona picha ina giza mno. Mwingine hakuogopa hata chembe, ila anaomba asimuliwe mwisho wake maana simu ilimponyoka. Yupo aliyetaka kujua kwa nini msichana wa kwenye filamu hakumkimbia mzuka, akajibiwa kwamba angekimbia filamu ingeisha, wakatukanana hao mpaka wakaingiza wazazi. Lakini kuhusu bibi wa koridoni walikuwa kitu kimoja: haijaonekana sura ya kuogofya kama ile. "Lile tabasamu jamani. Mimi nimehama chumba."

Nilipandwa na hasira. Huyo mnayemsema kafuta makamasi ya nusu ya mtaa.

Shangazi aliposomewa, kilichomuuma ni kingine kabisa: kwamba watu wazima na akili zao hawapati usingizi. Akainyakua simu ya mwanawe, akaanza kuwajibu mmoja mmoja kwa upole wake wote. "Usiogope mwanangu. Lala. Nitapita kukuangalia."

Nikamwambia, "Shangazi, acha."

"Niache vipi, na mtu anasema ana hofu?"

Majibu yale yalisambaa kuliko filamu yenyewe. Dairekta alicheka mpaka akakaa chini. Ningekuwa mkubwa kwake ningemzaba kibao.

Wazazi nao wakayaona. Ghafla kila mtoto ana mafua, kila nyumba imepata mgeni wa kumlea. Vigodoro vikabaki vitupu, Shangazi akawa anafua mashuka ambayo hakuna aliyeyachafua. "Wananiogopa mimi?" aliniuliza. "Wanadhani naweza kumdhuru mtoto?" Nikashika ncha ya pili ya shuka, nikamsaidia kulikunja.

Halafu wakarudi, na wapya juu yake. Nilifurahi, mjinga mimi, mpaka niliposikia mama mmoja akimwambia mwanawe pale mlangoni: "Unamwona huyu? Ndiye yule wa kwenye simu. Haya, sumbua sasa." Kumbe wenzetu wameshapata dawa. Mtoto akigoma kula, anaonyeshwa filamu. Akigoma kuoga, anaonyeshwa filamu. Na Shangazi wanampa mkono wa shukrani, eti siku hizi watoto wana adabu.

Adabu wanayo kweli. Siku niliyokwenda kumsaidia, mchana ulifika hakuna aliyecheka, hakuna aliyeomba maji, hakuna aliyemvuta mwenzake nywele. Shangazi alisimama katikati ya chumba akisikiliza, na nilimwona usoni kwamba kile kimya kinamtesa. Akainama amfunike kitoto kimoja kipya, kimefumba macho kwa nguvu, kimeng'ang'ania godoro kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo," kikasema, macho bado kimeyafumba. "Nimeshalala."