Siku Honi Aliporudi Kuifuta Ahadi

Ungekutana naye amezima mashine usingemtambua. Alikuwa mfupi, mwembamba, na nyumbani alizungumza kwa sauti ya mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani. Lakini akishaingia kwenye pikapu yake chakavu, usukani mkono mmoja na maiki mkono wa pili, vile vipaza sauti viwili vya juu ya paa vilimgeuza jitu. Kata nzima ilimwita Honi. Alitangaza kliniki ya macho, mechi ya shule, mbuzi aliyepotea, duka jipya la magodoro. Na msimu wa uchaguzi ukifika, basi hapo ndipo nyota yake ilipong'aa.

Katika uchaguzi Honi hakuwa na chama wala mgombea. Alikuwa na mteja. Mteja akisema barabara, yeye alisema lami. Mteja akisema lami, yeye aliongeza taa pande zote mbili. Kutia chumvi aliona ndio ufundi wenyewe, na waliomwajiri walimpigapiga mgongoni kwa furaha. Wakishachaguliwa walipotea, mpaka uchaguzi mwingine uje, na yeye akabaki mtaani na ahadi zao mdomoni, akinunua mkate duka lile lile na watu wale wale aliowapa lami.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa barazani, inatazama barabara, na kila pikapu ilipopita ikimwaga sera, mwanamke huyo hakuinua hata jicho. Aliendelea kukanyaga pedali. Hakuwa amepiga kura tangu mtoto wao wa kwanza yuko mgongoni, na sasa mtoto huyo ana watoto. Ukimwuliza sababu, hakukuficha.

"Mume wangu nampenda," aliwaambia wateja wake, pini zikiwa katikati ya meno. "Sauti yake ndiyo siiamini. Imeshanipa hospitali na daraja, na mimi bado naruka mtaro na ndoo kichwani."

Wateja walivunjika mbavu. Honi naye alicheka, maana angefanya nini? Lakini ilimuuma. Mtu anaaminiwa na kata nzima habari za mbuzi, kwa nini mke wake mwenyewe asimwamini? Hilo alilibeba moyoni miaka na miaka, akalifunika kwa mbwembwe.

Uchaguzi wa diwani ulipokaribia safari hiyo, aliyekuja kumkodi alikuwa mkunga mstaafu wa zahanati, mama wa watu, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nusu ya wapiga kura wa kata ile aliwapokea yeye kwa mikono yake, wakiwa uchi na wanalia, kwa hiyo hapakuwa na wa kumringia. Mpinzani wake alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye watu walimwita Saruji. Saruji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kitambi cha kirafiki, na aliahidi uwanja wa mpira wenye majukwaa.

Mkunga alimpa Honi maneno machache sana, mpaka Honi akadhani mengine yanakuja.

"Tutazibua mtaro wa barabara ya shule. Tutasimamia taa za sokoni ziwake. Na kila mwezi tutaitana, niwaambie kilichofanyika na kilichoshindikana."

"Halafu?" aliuliza Honi.

"Halafu basi, mwanangu. Hayo ndiyo ninayoyaweza."

Honi alitoka pale amenyong'onyea. Kilichoshindikana! Nani anakwenda kuomba kura kwa kilichoshindikana? Ni kama kumpa mpishi chungu na kumnyima viungo. Hata hivyo alijikaza, akazunguka mtaa mmoja, mitaa miwili, akisema mtaro, taa, mkutano. Mtaro, taa, mkutano. Watu walimtazama kama anasoma tangazo la msiba.

Alipofika njia panda ya kisimani, alikuta foleni ya ndoo na wanawake wamechoka na jua. Watoto wakaanza kuicheza ile sauti ya vipaza. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, hata hakuna la kukipigia. Jamani, msanii ni msanii. Damu ikamchemka Honi, na kabla hajajua anafanya nini, mdomo ulishatangulia.

"Na majiii! Mkunga analeta maji! Mabomba mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, kabla mwaka haujaisha! Ndoo hizi mtapandia maua!"

Hapo palikuwa hapatoshi. Ndoo ziligongwa, watu walikimbia nyuma ya pikapu, na Honi akarudia maneno hayo hayo mpaka mtaa wake mwenyewe. Barazani kwake cherehani haikusimama. Hakujali, jioni alikwenda kwa mkunga kifua mbele, amekaa mkao wa kupongezwa.

Alimkuta uani na mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kampeni, wanachambua maharage kwenye sinia. Mkunga hakumkaribisha kiti.

"Maji nani kayasema?"

"Ah, mama, hilo nimeliongeza kidogo tu. Kuwatia watu moyo. Ungewaona walivyofurahi!"

"Nimewasikia. Wamepita hapa wananishukuru." Mkunga alitoa jiwe dogo katika maharage, akalitupa. "Maji yako chini ya idara ya maji, diwani hana hata ufunguo wake. Kesho utapita tena."

"Nipite kukazia?"

"Upite kufuta."

Honi alimtazama kuona kama anatania. "Mama, mimi tangu nianze kazi hii sijawahi kufuta. Hakuna anayefuta! Watu wanasahau wenyewe."

Mdogo wake mkunga naye akadakia. "Dada, hapo kasema kweli. Ukifuta, tumekwisha. Saruji ana uwanja mzima, sisi tunakwenda kujivua nguo sokoni?"

Mkunga aliliweka sinia chini. "Mama mjamzito nikimwambia ana mapacha, halafu nikagundua ni mmoja, nisubiri ajifungue ndipo nimwambie? Nitamwambia siku hiyo hiyo, akinuna anune. La sivyo kesho nikimwambia sukuma, hatasukuma." Akamgeukia Honi. "Nitakaa na wewe mbele, mwanangu. Hutapigwa mawe peke yako."

Asubuhi walitoka. Honi alifungua maiki, na ile sauti yake ya radi ikatoka imepooza, ile ile ya nyumbani.

"Ndugu zangu... jana nilipita hapa nikasema mkunga ataleta maji nyumba kwa nyumba. Hakusema. Nilisema mimi. Nimekuja kuifuta ahadi hiyo, na ninaomba radhi."

Kijana mmoja fundi baiskeli akapasuka kwa kicheko: "Leo mashine imekufa!" Kule kisimani bibi mmoja alikuja juu mpaka dirishani. "Jana umenipa maji, leo umeninyang'anya? Sasa mimi nimpigie nani kura?"

Mkunga alishuka kwenye gari, akasimama katikati ya ndoo. Hakupanda juu ya kitu chochote. "Mama, maji siwezi kukuletea. Ninachoweza ni kwenda idara ya maji, kuuliza kwa nini bomba la mtaa huu limekauka, na kurudi hapa kukwambia walichonijibu. Hata wakinijibu vibaya, nitarudi."

Bibi yule alimkazia macho. "Hata vibaya?"

"Hata vibaya."

"Haya," alisema bibi. "Hilo sijawahi kuahidiwa."

Walipokaribia mtaa wake, Honi aliomba waupite kimyakimya. Alisema mafuta yanaisha, alisema koo linamwasha. Mkunga akamwangalia tu juu ya miwani. Basi akapiga moyo konde, akafungua maiki mbele ya baraza lake mwenyewe, akafuta. Sauti ya cherehani ilikatika. Mkewe alikuwa ameinua kichwa, pini mdomoni, akimtazama mumewe kama mtu aliyekuta chumba kipya ndani ya nyumba aliyokaa miaka mingi. Honi alishindwa kumwangalia. Aliingiza gia, akaondoka kwa aibu zake zote.

Mambo yaliyofuata hata Saruji hakuyategemea. Mwenzake kafuta moja, na watu wamenogewa. Katika kila mkutano wake mtu alinyanyua mkono: "Mheshimiwa, na wewe kipi unakifuta?" Mwanzoni alicheka. Baadaye alianza kutoka jasho jembamba. Siku wagombea wote wawili walipoitwa ukumbi wa shule kujibu maswali, alisimama, akajifuta uso kwa leso, akasema kwamba ule uwanja, kwa kweli, majukwaa yake yangekuwa na taabu, na pengine uwanja wenyewe pia, lakini choo cha soko angeweza kukisimamia, kwa sababu ujenzi anaujua na bei anazijua. Alipigiwa makofi ambayo uwanja haukuwahi kuyapata. Nadhani mwenyewe alishangaa kuliko watu wote. Mkunga alipiga makofi pia, na Honi aliyekuwa akichunga nyaya za vipaza sauti nyuma ya ukumbi aliona kwa macho yake kwamba hakuwa akimkejeli.

Asubuhi ya kupiga kura, Honi alikuwa akinywa chai mkewe alipokuja kusimama mlangoni amejifunga khanga ya kutokea.

"Nakuuliza wewe," alisema. "Ile mashine iache nje. Huyu mama anafaa?"

Sifa zilikuja mbio mpaka ulimini, kama zilivyozoea. Honi akazimeza na chai. "Sijui kama atayaweza yote," alisema polepole. "Saruji naye si mjinga, choo atakijenga. Ila yule mama nimemwona akipata hasara ili asiseme uongo. Mimi nampigia."

Mkewe akachukua kitambulisho chake kwenye mkebe wa vifungo, akapangusa vumbi kwa pindo la khanga. "Nisubiri basi, twende wote."

Walisimama kwenye foleni na watu wa kila aina, wakitaniana, na akina mama wa kisimani wakiwa wamevaa kama wanakwenda harusini. Mkewe alitoka kwenye kile kibanda cha kura na kidole chenye wino, na alipoulizwa amempa nani, alijibu kwamba hiyo ni siri yake na serikali.

Mkunga alishindwa. Si kwa mbali, lakini kushindwa ni kushindwa. Matokeo yalipobandikwa ukutani pale shuleni, alisoma kwa miwani yake, akasoma tena, akamwomba Honi maiki. Akampongeza Saruji. Akasema kura zimehesabiwa mbele ya watu wake na ameridhika. Akawaomba waliompigia wasiende kununa nyumbani, waende kwenye mikutano ya diwani, maana diwani ni wa wote. Sauti haikumtetemeka hata kidogo. Aliyelia ni Honi, tena hadharani, mwanaume mzima na nywele zake za mvi.

Lakini kilichomliza zaidi hakukisema. Alijua akirudi nyumbani atakuta kidole chenye wino kinamsuta. Mara moja tu mkewe alimsikiliza, mara moja baada ya miaka yote, na mambo yametoka hivi. Wiki zile Honi alitembea pembeni ya mkewe kama anayepita karibu na maziwa yaliyojaa sufuria. Mkewe alishona tu.

Saruji, kwa upande wake, aliitisha mkutano wa kata. Hakuwa na ujanja. Watu walikuwa wamemwuliza swali hilo moja tangu siku ya kwanza, atawaita lini kuwaambia kilichoshindikana. Honi alikodiwa kupeleka vipaza sauti. Alipokuwa akivifunga, alimwona mkewe anaingia, anavuka viti vya nyuma ambako Honi alitegemea angekaa, anakwenda kukaa mbele kabisa, karibu na mkunga.

Saruji alianza vizuri. Msingi wa choo cha soko umechimbwa. Taa zimecheleweshwa, akaeleza sababu. Kisha, kwa ile raha ya kusikilizwa, akanyoosha mikono. "Na maji, ndugu zangu! Mwaka huu maji..."

Mkewe Honi alisimama. Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, akamtoa maiki mkononi. Hakuwahi kuishika maishani mwake, akaishika kama chupa.

"Mheshimiwa diwani, hongera kwa choo. Mimi sikukupigia kura, lakini wewe ndiye diwani wangu. Maji usituahidi. Nani atakwenda kuwauliza idara ya maji, na atarudi lini kutujibu?"

Ukumbi ulilipuka. Saruji alimeza mate, akatazama kitambi chake, akatazama watu. Akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kweli. "Nitakwenda mimi. Jumatatu. Jibu mtalipata Jumanne."

"Na kama hakwenda?" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, yule fundi baiskeli. "Tutajuaje kama hilo jibu ni la kweli?"

Mwanamke hata hakufikiri. "Jumanne mume wangu atapita kulitangaza," alisema, na vipaza sauti vikalipeleka neno hilo mpaka barabarani. "Mkimsikia yeye kasema, mjue ni hivyo."

Alimrudishia Honi maiki, akarudi kukaa. Honi aliinama kwenye nyaya zake, akakaza nati iliyokuwa imekazwa vizuri, na mkutano ukaingia ajenda nyingine yeye bado ameinama palepale.