Difu Aliyoichagua Lempi Rautio

Pikapu ilikuwa juu ya stendi, ekseli yake ya nyuma imefunguliwa kama samaki aliyepasuliwa, na wanaume walioizunguka walikuwa wakimfundisha Lempi Rautio jambo alilolijua kabla baadhi yao hawajaota ndevu. Lempi alikuwa ameendesha basi la shule katika misitu hii ya kaskazini mwa Michigan mpaka shule yenyewe ilipofungwa. Aliwaacha waseme. Alikunywa kahawa yake karibu na jiko la kuni, macho kwenye ekseli.

"Shemeji, gia zimebaki vibogoyo," alisema Urho, mwenye gereji, mdogo wa mumewe. "Kwa kuwa nimeshaifungua, tuamue hapa hapa. Nikuwekee difu ya kubana au ya kufuli?"

"Mwekee ya kufuli, Urho," alidakia mzee Gust, ambaye hakuwa na gari wala leseni, ila hakukosa hata asubuhi moja kwenye jiko lile. "Lempi akipanda mlima na kufuli, hata sungura watampisha."

"Sungura watanipisha, mzee, lakini mto hautanipisha," alijibu Lempi. "Wewe kona ya mto unaisikia tu kwa watu."

Wakacheka. Lempi hakucheka.

Difu ndiyo inayoyagawia magurudumu mawili nguvu ya injini. Ya kawaida, kama ile iliyokufa, ina ujinga wake: gurudumu moja likikanyaga barafu, nguvu yote ya injini humwagikia hilo linaloteleza, na lile lililoshika ardhi huachwa limesimama bure. Difu ya kubana hupunguza dhuluma hiyo. Humrudishia mwenye kushika sehemu ya haki yake. Difu ya kufuli huyafunga magurudumu yote mawili yakazunguka kama pacha, na kwenye theluji nzito hakuna inayoishinda. Lakini kwenye barafu iliyolala mshazari, pacha hao huteleza pamoja, na mkia wa gari hufuata mteremko. Ipo ya kufuli inayotii kitufe, ukaifungua na kuifunga utakavyo. Haikutengenezwa kwa ekseli ya umri ule. Ile aliyokuwa nayo Urho ilijifunga yenyewe, ikaamua yenyewe.

Na barabara ya kwa Lempi ilikuwa na vyote viwili. Ukitoka nyumbani, kwanza kilima, ambacho theluji yake isipoondolewa humfika mtu kiunoni. Kisha, ukishakivuka, kona iliyoinamia mto, barafu tupu kila mwaka kuanzia Desemba. Ya kufuli ingempandisha kilima na kumtupa mtoni. Ya kubana ingemvusha kona salama, mradi greda la kuondoa theluji limepita kilimani kabla yake.

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Tangu mwaka uliotangulia halmashauri ilikuwa imesimika kibao kwenye daraja: barabara ya msimu, haihudumiwi kuanzia Novemba hadi mwanzo wa Aprili. Nyumba zilizobaki huko juu zilikuwa mbili, moja haina mtu. Wakati huohuo barabara ya ziwani, yenye nyumba za likizo zinazofungwa majira yote ya baridi, greda liliipitia kila theluji ilipoanguka, likaiacha safi kama meza, kwa ajili ya madirisha yaliyopigwa mbao. Nguvu ilimwagikia upande usiokuwa na kazi nayo. Wilaya nzima iliendeshwa kama ile difu mbovu.

Waino, mume wa Lempi, mkata miti aliyekuwa akibeba msumeno kama wengine wanavyobeba mwavuli, figo zake zilikuwa zimekufa. Siku tatu kila wiki ilibidi alazwe kwenye mashine ya kusafisha damu, mjini, ng'ambo ya kilima na kona. Kukosa siku moja kulimvimbisha miguu. Kukosa mbili kulimjaza maji kifuani. Pikapu iliyosukumwa na magurudumu yote manne ilikuwa imekwisha kuuzwa pamoja na misumeno. Imebaki hii inayosukumwa na mawili ya nyuma.

Mlango wa gereji ulifunguliwa, akaingia Wendell Ahola, diwani, akikung'uta theluji kofiani. Lempi alimpeleka shule kwenye basi lake miaka yote, na alimfunga kamba za viatu zaidi ya mara moja. Urho akammiminia kahawa, akamkatia mkate wa iliki.

"Bora umekuja," Lempi alisema. "Niambie mbele ya hawa. Siku za mgonjwa wangu, greda litapanda au halitapanda?"

"Mama Lempi, aa, unaniuliza mimi kweli?" Wendell aliweka mkono kifuani. "Mzee Waino ni baba yangu pia. Kibao ni kibao tu, cha watu wa sheria. Siku za hospitali greda litapita kabla hujawasha gari. Nimesema."

"Umesema?"

"Nimesema, mama."

Katika nchi ile neno lililotolewa mbele ya kahawa halidaiwi karatasi. Kumwambia mtu aliandike ni kumwambia kwamba wazazi wake hawakumlea. Lempi, aliyesoma kibao cha darajani kwa macho yake mwenyewe, hakudai karatasi. Aliweka kikombe chini.

"Nifungie ya kubana, shemeji," alisema.

Desemba yote greda lilipanda. Lempi alirundika magunia ya mchanga juu ya ekseli, akamfunika Waino blanketi la sufu, na pikapu ilipita konani bila kutikisa mkia. "Umechagua vizuri," Waino alimwambia siku moja, na kwa mtu wa maneno haba kama yeye hayo yalikuwa hotuba.

Januari greda liligeuzia darajani.

Lempi alipiga simu. Wendell alikohoa kwanza. "Mama, wanasheria wamenikalia kooni. Wanasema tukipasafisha mara kwa mara, hicho kibao kinakuwa hakina maana. Mtu akiumia pale, halmashauri inashtakiwa."

"Kwa hiyo ili asiumie mtu barabarani, Waino afie nyumbani?"

"Usiseme hivyo, mama. Kwa nini msihamie mjini tu? Watu wanahama."

"Ulisema, Wendell."

"Nilisema," alijibu kwa sauti ndogo.

Asubuhi hiyo Lempi alifunga minyororo kwenye matairi, akampakia Waino, akaondoka. Katikati ya kilima theluji ilifika kwenye bampa. Alibana breki ya mkono kidogo huku akikanyaga mafuta, ujanja wa zamani wa kuilazimisha difu ya kubana ing'ang'anie. Magurudumu yote mawili yakashika kweli, yakachimba kwa haki sawa, na pikapu ikakaa juu ya tumbo lake, ikanasa.

"Hebu acha," Waino alisema. "Unaichosha bure."

Urho alikuja na pikipiki ya theluji, akamlaza kaka yake kwenye sledi, ubao wa kuburutia magogo juu ya theluji, akamfunga kamba. Walifika. Lakini Waino alirudi amepigwa na baridi mpaka mifupa, na kikohozi hakikumtoka tena. Safari iliyofuata Urho alipoileta ile sledi mlangoni, alimkuta kaka yake ameketi kitini, bila koti.

"Inuka, bwana."

"Mimi si kuni, Urho. Nimeburuta magogo miaka mingi, najua yanavyofika."

"Ukibaki utakufa, kichwa ngumu wewe!"

"Basi nitafia palipo na joto," alisema Waino. "Lempi, washa sauna."

Lempi alimtazama. Mjini kulikuwa na nyumba ya wazee yenye orodha ya wanaosubiri. Alikwisha kuuliza, na wangojeao walikuwa wengi kuliko vitanda. Barabarani kulikuwa na theluji. Hakuwa na la kumpa isipokuwa kuni. Alitoka hadi kibanda cha kuogea mvuke uani, akawasha sauna.

Waino alikufa Februari, amevimba, akipumua kama mtu anayepanda kilima.

Baada ya mazishi Urho alimshika Lempi mkono. "Shemeji, ningekulazimisha uchukue ya kufuli."

"Ingetutoa pale kilimani, pengine," alisema. "Halafu kona ingetuchukua wote wawili. Usijitese. Tulikuwa tunachagua difu, wenzetu walishachagua mtu wa kuachwa."

Wendell alileta chungu cha supu ya samaki. Lempi alikipokea mlangoni, akashukuru kama desturi inavyotaka, asimwambie karibu.

Katikati ya Aprili ilianguka theluji ya mwisho, nyepesi, ambayo jua lingeila kabla ya adhuhuri. Kibao cha darajani kilikuwa kimeisha muda wake. Greda lilipanda likinguruma, likakwangua kona, likakwangua kilima, likafika hadi langoni kwa Lempi, na dereva akampungia mkono kwa furaha.

Lempi aliwasha pikapu kwenda kuchukua jiwe la kaburi. Kiti cha pili kilikuwa na blanketi la sufu, limekunjwa. Gari lilipanda bila kuteleza hata kidogo. Hata difu ile ya zamani, yenye vibogoyo, ingepanda.