Siku Bibi Alipokaa Kwenye Shimo la Nguzo

Jumapili iliyopita niliwapeleka wanangu Magogoni. Hatukwenda kuvuka na kivuko; nilitaka wauone ule ufuko mdogo ulio pembeni, ambao wengi wanaupita kila siku bila kujua kama upo. Mwanangu mdogo akacheza majini mpaka akachoka, halafu akaniuliza hapa ni kwa nani. Nikamjibu ni kwa bibi yangu. Najua nilitia chumvi, lakini hebu kaa nikusimulie, kisha utasema mwenyewe kama nilimdanganya mtoto.

Sisi tulikaa Kariakoo, upande wa Msimbazi, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele na ua nyuma. Bibi, mama yake mama, alikuwa mkaanga samaki, na alikuwa na maringo ya kazi yake kama hakimu. Watu walitoka Mchikichini na viatu vyao vya mitumba mabegani, wakapita vibanda vyote vya njiani, wakaja kula changu wake barazani. Walidhani siri ni ndimu, au ile pilipili aliyoitwanga na chumvi ya mawe. Mwenyewe alisema samaki wake hajawahi kulala. Alimnunua alfajiri kwenye ufuko ule ule wa Magogoni, mnadani, jicho bado linang'aa, na ikifika adhuhuri hata mfupa haupo.

Shule zikifungwa, kazi yangu ilikuwa kufuatana naye. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, yeye mbele na beseni kichwani, mimi nyuma na ndoo, tukikatiza Mnazi Mmoja wakati wafagia barabara wanatimua vumbi. Ufukweni kulikuwa na kelele za mnadi, moshi wa jiko la mama mmoja muuza chai ya tangawizi, na mchanga wa baridi uliopenya katikati ya vidole. Kurudi, ndoo ilinimwagikia mguuni njia nzima. Nyumbani nilikaa uani kuparua magamba, mengine yakanirukia kwenye nywele, na shule ikifunguliwa wenzangu waliniita Kibua, kama yule samaki. Sikuona haya hata kidogo, maana katika darasa letu hakuna aliyekula vizuri kama Kibua.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa Kihindi, mjane, mwenye duka la viungo. Hakula samaki na hakuivumilia harufu yake. Mafuta yakianza kulia uani kwetu, yeye alifunga madirisha kwa kishindo mpaka mwisho wa mtaa wakajua bibi ameshatia samaki. Bibi naye akapepea moto uzidi. Jioni bibi alinituma na kikombe kwa huyo huyo jirani kuomba binzari, na kikombe kilirudi kimejaa. Waliishi hivyo miaka yote, na sijawahi kumsikia mmoja wao akitaka kuhama.

Basi ikaja habari ya gati. Kampuni moja ilitaka kujenga pale ufukweni gati binafsi la boti za starehe, zile nyeupe za watu wenye nafasi, pamoja na ukuta, geti na walinzi. Wavuvi wangehamishwa mbali, na samaki wangefika mjini kwa mikono ya walanguzi, wamelala siku mbili kwenye barafu. Bibi aliita ule mradi gereji ya maboti, watu wakacheka. Lakini nyumbani hakucheka. Juma lile alikaanga kimya, na mimi niliyezoea kukemewa kwa kila kitu nilianza kuogopa, kwa sababu hakunikemea.

Siku ya mkutano tulijaa ufukweni. Kampuni ilimleta bwana mmoja mtanashati, mpole, kuja kutueleza faida. Watu hawakumpa nafasi. Vijana walishaanza kuyatikisa mabati ambayo kampuni ilishayazungusha upande mmoja, na polisi wawili kule barabarani walikuwa wanatuangalia. Yule bwana, kwa kutaka kupoza mambo, akatabasamu na kusema, "Jamani wazazi wangu, msinione mgeni. Mimi Mnyamwezi. Ni mtani wenu."

Hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe. Sisi ni Wazaramo, na utani wetu na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana mbele za watu, atachukua kuku wako, na siku ya maziko yako ataingia kaburini mwako na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na ndugu zako hawana ruhusa ya kununa. Anayemkasirikia mtani ndiye anayeaibika. Nilimwona bibi akiinua uso kwa mara ya kwanza siku zile. Akawaambia vijana waache mabati, twende nyumbani.

Kesho yake vibarua walikuwa wanachimba mashimo ya nguzo za geti. Lile kubwa lilimfika mtu mzima kifuani. Wakina mama wakaangaji walifika wamejifunga kanga viunoni, wakaanza kulia kilio cha msibani, kile cha kuigiza ambacho watani wanakijua. Bibi akanipa viatu vyake nishike, akaniegemea begani, akateremka shimoni, akaketi. Vibarua wakatupa koleo chini na kucheka mpaka wakashika mbavu. Nao baadhi yao walikuwa watu wa Tabora, Wanyamwezi vilevile.

Yule bwana alipofika alisimama ukingoni, akaamkia kwanza kama alivyofunzwa kwao. "Shikamoo, mama. Unafanya nini humo?"

"Marahaba. Mmeiua pwani bila kutupa taarifa," bibi akamjibu. "Tumekuja kaburini kudai chetu."

Akacheka, akachomoa noti. Bibi akamwambia hiyo akanunulie wali, yeye anachodai ni njia ya kushukia baharini. Asipoipata, hatoki. Yule bwana akaongeza noti nyingine, na wakina mama wakazidisha kilio.

Jua lilipokuwa kali nikamwona jirani yetu anakuja. Sikuamini macho yangu. Alikuwa ameziba pua kwa ncha ya sari, mkono mmoja ameshika mwavuli na mwingine chupa ya chai. Akasimama juu ya shimo akamfunika bibi kivuli. Yule bwana akamuuliza kwa adabu, maana alikuwa mtu wa adabu, mbona ameziba pua, samaki si chakula chake, anatafuta nini hapa.

"Majivu ya mume wangu niliyashusha hapa," jirani akamwambia. "Nikija kumsalimia nitaonesha kitambulisho getini?"

Kilio kilikatika. Sikuwahi kujua jambo hilo, ingawa nyumba zetu ziliegemeana, na bibi chini shimoni alikuwa anamtazama kama anamwona upya. Simu ya yule bwana ikaita. Tulisikia mtu anafoka upande wa pili, nadhani akiagiza polisi waitwe. Angeweza kuwaita, maana wale wawili wa jana walikuwa barabarani, hatua chache tu. Lakini alishajitaja mtani mbele ya umati, na Mnyamwezi gani angerudi kwao kusimulia kwamba bibi wa Kizaramo alimkalia shimo lake, naye akamtoa kwa polisi? Akamwambia huyo wa kwenye simu kwamba leo kazi haiendelei, pana msiba.

Sitakudanganya kwamba shimo moja liliishinda kampuni. Shimo lilitupatia muda tu. Wakina mama wakaendelea kupokezana mle shimoni, serikali ya mtaa ikaamka usingizini, wakubwa wa wilaya wakaja kujionea, na ikaonekana kuwa njia ile ni ya watu wote na haikupaswa kuguswa. Kampuni ikabaki na upande wake wa mabati, yakaota kutu, mwisho ikaondoka. Bibi akarudi kunikemea, na jirani akarudi kubamiza madirisha. Nilifurahi kwa yote mawili.

Bibi alifariki mimi nikiwa mtu mzima. Makaburini niliingia ndani ya kaburi pamoja na mjomba ili kumpokea. Kabla jeneza halijafika, mtu mwenye mvi akajipenyeza katikati ya waombolezaji, akavua viatu, akaruka ndani, akaketi chini na kukunja mikono. Wazee wakamtambua kabla yangu. Mjomba akamnyooshea noti kama ada inavyotaka, naye akaisukuma pembeni.

"Huyu alinikalia shimo langu," akasema. Kisha akanitazama mimi. "Ile njia ipo?"

Nikamwambia ipo.

"Basi mleteni."

Akasimama, akajikung'uta mchanga, akanyoosha mikono yake pamoja na yetu, tukampokea bibi sote watatu. Alitakiwa achekeshe watu, maana ndiyo kazi ya mtani siku hiyo, lakini alishindwa. Alilia kuliko sisi wenye msiba.

Nyumba yetu sasa ni ghorofa la maduka ya simu, na watoto wa jirani wamehamia ng'ambo. Nasikia kampuni nyingine inautamani ule ufuko. Vijana wamejipanga vizuri, wana wakili na kundi lao kwenye simu, nami nimejiunga, na naamini tutashinda tena. Ila kila jioni nasoma mtandaoni matusi tunayowarushia watu wa kampuni, na wanayoturushia wao. Hakuna anayejua mwenzake ametoka kwa nani, wala kama ni mtani wake. Juzi niliwaandikia wenzangu kundini kuwauliza kama kuna yeyote aliyewahi kuonana na hao watu wa kampuni ana kwa ana, na mpaka leo hakuna aliyenijibu.