Beji Nyingi, Hema Moja

Mwaka ule kiangazi kilipomaliza ng'ombe wa baba, nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la nne. Shule ikaishia hapo. Nikachota mchanga mtoni, nikapakia mawe kule Salama, na nilipokuwa mtu mzima nikaajiriwa chuo kikuu karibu na Kwa Vonza. Ndiyo, chuo kikuu. Wenzangu waliomaliza shule hawajawahi kushika funguo zake.

Siku ya kwanza Msimamizi wa Majengo aliniuliza, "Mzee, unajua kusoma?"

"Najua kufanya kazi."

Akanipa jembe. Kutoka bustani nikapelekwa lango, kutoka lango nikapewa ukumbi: viti, spika na hema. Hema kubwa huvutwa kamba za pande zote kwa pamoja. Upande mmoja ukizembea, linalala chini kama ngamia aliyekataa safari.

Sherehe ziliendeshwa na wanafunzi wenyewe, na kila mmoja alitaka cheo cha kuandika kwa karatasi za kuombea kazi. Mwaka ambao msichana anayeitwa Mwende alikuwa mwenyekiti wa sherehe, tulikuwa na Katibu wa Maji ya Kunywa, na Naibu wake. Wa kubeba kiti hakuwepo.

Sherehe moja ilichelewa, hema likiwa bado chini, mpaka Mkuu wa Wanafunzi, yule bosi wa ofisi ya chuo, akaanikwa juani pamoja na mgeni wake. Akamwita Mwende, na mimi nikiwa hapo. "Siku ya Utamaduni ikichelewa, sherehe zote zinarudi ofisini kwangu. Na wewe mzee, unarudi lango."

Lango! Na vile nilikuwa nimezoea kivuli.

Asubuhi ya Siku ya Utamaduni hema lilikuwa bado chini. Viongozi walikuwa wamelizunguka na suti zao, wakijipiga picha na simu.

"Mzee, hii hema inasimama saa ngapi?" Katibu wa Itifaki akaniuliza.

"Ikipata watu."

"Mimi ni wa itifaki."

"Kamba haijui itifaki, kijana."

Akaenda zake kutafuta kioo. Mwende hakubishana na mtu. Kwao kijijini Tulia, mama yake ni wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu, na huko huitwi mwanachama kama hujashika jembe. Akachukua beji zote za vyeo, ambazo zilikuwa bado hazijagawiwa, akafunga kila moja kwa kamba ya hema.

"Cheo chako kiko kwa kamba!" akatangaza. "Hema ikisimama, uvae."

"Aki Mwende, na hizi suti?"

"Suti hufuliwa."

Walikimbia wakisukumana. Katibu wa Maji na Naibu wake waligombania kamba moja mpaka Naibu akarudi kwa yake. Ikabaki moja bila mtu, mwenyewe bado yuko kwa kioo, nikaishika mimi. Mwende akaanzisha wimbo wa kulima, tukavuta, hema likainuka lote mara moja. Kila mtu akavaa beji ya kamba yake, na mimi nikavaa ya kwangu.

Mkuu wa Wanafunzi alipofika na mgeni, kivuli kilikuwa tayari na viongozi wake walikuwa na vumbi mpaka kwa nyusi. Akanitazama kifuani.

"Na wewe mzee, siku hizi ni nani?"

"Soma," nikamwambia, nikawaonyesha viti vyao.

Sherehe zilibaki kwa wanafunzi, na mimi nikabaki ukumbini mpaka nikastaafu. Vijana wakiniuliza habari ya uongozi, nawauliza kama wamewahi kuvuta kamba.

Leo nina nyumba ya matofali, tanki la maji, ng'ombe watatu, mbuzi, mahema mawili ya kukodisha na viti vyake, na beji ya Katibu wa Itifaki. Mwenyewe hajakuja kuidai.