Sanamu ya Kochi na Jezi Nyeupe

Mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano wa timu yetu, hapa karibu na Mbumbuni, nikasema mume wangu hastahili sanamu. Watu waligeuka kunitazama kana kwamba nimemwaga chakula cha mgonjwa. Mke wa kochi anatakiwa kupiga makofi. Makofi ninayo, lakini siyapigi bure.

Timu yetu inacheza ligi inayochanganya vijiji vya Makueni na Kitui, na kwenye ligi hiyo tunashika mkia. Kila msimu tunaponea chupuchupu, tunashangilia kama mabingwa, kisha tunaanza kufungwa upya. Mume wangu ndiye kochi tangu timu ianzishwe, na halipwi. Siku za soko anauza ndengu na mbaazi, jioni anakimbiza wachezaji kwenye matuta ya shamba letu, juu na chini, mpaka wanatapika. Timu nyingine za huku zilianza kwa mbwembwe nyingi zikafa. Yetu haikufa kwa sababu yeye hajui kuacha kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya waliotaka sanamu, nami sikuipinga.

Hoja yangu ilikuwa jezi. Ni yeye aliyechagua jezi nyeupe kwenye udongo mwekundu kama huu wetu, na ni mimi ninayezifua. Nimezifua hata wakati wa ukame, nikichimba mchanga wa mto kutafuta maji, na yale ya kusuuzia nikiyapeleka kwenye sukuma wiki. Yeye hajawahi kugusa hata soksi. Basi nikawaambia, akiwa amekaa pale pale:

"Siku huyu mzee atafua hizi jezi yeye mwenyewe, hiyo siku nitasema anastahili. Kabla ya hapo, msinisumbue!"

Wanaume wakacheka. Mume wangu akatazama viatu vyake.

Mchungaji naye aliinuka, lakini kwa sababu zake. "Kochi ni mtu mzuri," akasema. "Lakini hii mambo ya kuchonga mtu na kumsimamisha hapo nje, kesho watu wataanza kumwekea maua. Mimi siwezi kuombea kitu kama hiyo." Hapo kicheko kikaisha, maana nusu ya waliokuwepo wanaimba kwaya kanisani kwake.

Tulikuwa tumechelewa sote wawili. Mwenyekiti wa mashabiki ni fundi wa kuchonga, na alikuwa ameshakata mti kutoka shambani kwake: mukau mnene, ulionyooka, mti ambao mchwa hawauwezi. Huyo mzee amechonga maisha yake yote, ila kazi zake zilikuwa za kupelekwa Mombasa kwa watalii. Twiga, vifaru, na Wamasai wenye mikuki. Alipotuita kwake kuona kichwa cha sanamu kilivyoanza, tulimkuta Mmasai. Shingo ndefu, masikio marefu yenye matundu, na uso uliotulia namna ambayo uso wa mume wangu haujawahi kutulia tangu anioe.

"Ai! Na huyu ni nani?" nikauliza.

"Si ni Kochi," fundi akasema. "Bado pua nitarekebisha."

"Na hiyo masikio?"

"Masikio mkono ilijiendea tu, Mama Kochi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi la mbao. Mume wangu hakucheka. Alikuwa anauzunguka ule mti, anaupapasa, anaugonga kwa vidole, na mimi namjua. Hakuwa anaangalia sanamu.

Wiki hiyo wakaguzi wa ligi walikuwa wamekuja uwanjani wakaitikisa milingoti ya goli la upande wa barabara. Mchwa walikuwa wameila yote kwa ndani, na mmoja ukayumba kama jino bovu. Wakaguzi wakasema wasipokuta milingoti imara, mechi ya mwisho haitachezwa, na wageni wetu kutoka Mwingi watapewa ushindi bila kutoa jasho. Tusiposhinda mechi hiyo tunashuka daraja. Kila mtu alijua timu yetu ikishuka, wachezaji watatawanyika na huo ndio utakuwa mwisho wake. Muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, niliyompikia mume wangu siku hizo ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Niliogopa. Sijui mtu huyo bila timu angekuwa nani, na sikutaka kujua.

"Mzee," mume wangu akamwambia fundi pale pale, "pasua huu mti katikati."

"Nipasue Kochi?"

"Pasua, nipate milingoti miwili. Ukinisimamisha hapo nje na hakuna goli, nitakuwa naangalia nini?"

Fundi akalipapasa lile sikio refu mara ya mwisho, kisha akaenda kumwita mwenye msumeno wa mashine.

Tukafanya mwethya, kazi ya pamoja, kama tunavyofanya tukichimba matuta ya shamba, kila mtu na jembe lake. Wanawake tulibeba maji na kokoto, wanaume wakachimba mashimo. Msumeno ulikuwa umepita katikati ya macho, kwa hiyo kila mlingoti ulikuwa na nusu ya uso: jicho moja, nusu ya mdomo, sikio moja. Mtu akapendekeza upande wa uso ufukiwe chini usionekane. Fundi akang'aka kwamba yeye hatazika mtu mzima. Basi nyuso zikakaa juu, chini kidogo ya mwamba wa goli. Saruji ilipokauka ndipo tukaona tulichofanya. Tulikuwa tumebadilisha pande. Nusu ya kulia ilikuwa kushoto, na masikio yote mawili yalikuwa yamechomoza kuelekea ndani ya goli.

Mchungaji alikuja, akatazama mlingoti huu, akatazama ule, akashindwa kujizuia kucheka. "Hii si mtu," akasema. "Tuombe." Akauombea uwanja wote, na wakaguzi walipokuja wakatikisa mpaka wakachoka.

Mwingi walikuja na basi zima la mashabiki na ngoma juu. Kipindi cha kwanza hakikuwa na goli. Kipindi cha pili sisi ndio tuliokuwa tunalinda goli la mukau, na mapema tukapata kona, beki wetu mrefu akaruka akapiga kichwa, mpira ukaingia wavuni! Nilimkumbatia mwanamke nisiyemjua. Baada ya hapo Mwingi walitushukia kama nzige, na sisi tukawa tunaosha mpira tu, popote uendako. Mume wangu alikuwa amechuchumaa kando ya mstari, kofia mdomoni.

Refa alikuwa ameshaangalia saa yake. Mshambuliaji wao akampita beki, akampita beki mwingine, kipa akatoka, na jamaa akauinua mpira juu yake, taratibu, kwa dharau. Mpira ukaenda kwenye pembe ya juu. Nilifumba macho. Nikasikia ko! Nilipofumbua, kipande cha ubao kilikuwa kinaanguka na mpira ulikuwa umerudi uwanjani, na beki wetu akaupiga mpaka kwenye shamba la mbaazi. Firimbi ikalia.

"Sikio!" fundi alikuwa anapiga mbio akipunga koti. "Imegonga sikio ya Kochi!"

Vigelegele vya siku ile vilisikika hadi sokoni. Watu walimbeba mume wangu juu juu wakamzungusha uwanja mzima, wakamfikisha chini ya lile sikio lililomenyeka, naye akaligusa. Kisha akaomba ashushwe. Akaenda kwa wachezaji, akakusanya jezi moja moja kutoka miilini mwao, akazitia kwenye gunia, akaja nilipokuwa nimesimama.

"Mama," akasema, mbele ya watu wote, "sabuni iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, ndani ya beseni langu. Akakunja suruali, akachukua beseni, akainama penye tangi la kanisa lililo kando ya uwanja na kuanza kufua, umati wote ukimzunguka na kwaya ikimwimbia. Mashabiki wa Mwingi walichelewesha basi lao ili waone.

"Mama Kochi!" fundi akaita. "Sasa je?"

Nikapanda juu ya benchi. "Anastahili!" nikapaza sauti. "Huyu mtu anastahili!" Nikalia, na wala sioni haya kusema nililia. Nilijivunia mume wangu siku hiyo kuliko siku ya harusi yetu.

Alifua vibaya sana. Zile jezi zilianikwa kwenye seng'enge zikiwa na rangi ya chai ya maziwa, naye alizipitia moja moja akiridhika na kazi yake. Jumatatu, alipotoka na magunia yake kwenda sokoni, nikazianua nikazifua upya.