Seva Niliyokataa Kuitilia Sahihi

Niliishia darasa la nne, na seva ya chama chetu cha wakulima wa miwa niliikataa mimi. Wenye vyeti walikuwemo chumbani. Mmoja wao aliipigia makofi.

Nieleze kwanza sahihi yangu ilitakiwa kwa nini. Kamati ya mapokezi ilikuwa na watu watatu: mwenyekiti wa chama, mtaalamu wetu wa kompyuta, ambaye ni binti kutoka Kimamba, na mimi. Kitu hakipokelewi ofisini kwetu Mikumi mpaka wote watatu tutie sahihi. Wanachama walinichagua kwa sababu siuziwi mbuzi kwenye gunia, na hilo nalisema bila haya.

Msimu wa kuvuna ulikuwa karibu. Kwetu mkulima huja dirishani kuuliza shamba lake litachomwa lini ili miwa ikatwe, na lori litafika lini. Muwa ukishachomwa hausubiri. Ukikaa, utamu unakwenda zake. Msimu uliotangulia mashine ya zamani ya kutunzia taarifa hizo iliganda, foleni ikafika barabarani. Mama mmoja wa Ruhembe taarifa zake zilichelewa kufunguka, lori lake likapelekwa kwa mwingine. Nilikwenda kuiona ile miwa, imelala chini, imeungua, inanuka uchachu. Nilirudi nimeapa moyoni kwamba haitatokea tena nikiwa hai na kwenye kamati.

Basi muuzaji akaja kutoka mjini na seva mpya. Mtu wa umri wa mwanangu wa mwisho, anaingia ananiambia, "Mambo vipi, mzee?" Sikuitika. Akaiwasha mashine, akaendesha kipimo chake.

"Mnaona? Megabaiti mia na themanini kwa sekunde. Hiki ni chuma!"

Mwenyekiti akatafuta kalamu. Nikauliza, "Imesoma nini?"

"Faili, mzee."

"Faili moja au mengi?"

"Moja kubwa, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama."

"Basi hujapima kazi yetu."

Mwenyekiti akacheka. "Mzee wangu, huyu kasomea mambo haya. Wewe na darasa lako la nne unataka nini tena?"

"Nataka unyamaze, mwenyekiti. Huyo wa darasa la nne ndiye mnayemsubiri atie sahihi."

Nilijuaje? Kabla ya kulima miwa nilikuwa tarishi kwenye masjala ya ofisi moja Kilosa, chumba cha mafaili kuanzia sakafuni hadi darini. Siku ya kuhesabu mafaili yote, nilianza rafu ya kwanza nikaenda nayo mfululizo, na adhuhuri nilikuwa nimemaliza chumba kizima. Siku ya wananchi ilikuwa habari nyingine. Huyu katoka Malolo anataka lake, yule wa Kimamba anataka lake, moja liko juu kule, lingine chini kona ya pili. Panda ngazi, shuka, hamisha ngazi. Jioni magoti yanawaka moto, na mafaili niliyotoa hayajazi hata rafu moja. Miguu ni ileile, chumba ni kilekile.

Na wakulima hawaji dirishani kwa mpangilio wa rafu.

Binti wa Kimamba akasema, "Babu anasema kweli. Hicho ni kipimo cha kusoma mfululizo. Kanzidata yetu yenye taarifa za wakulima inasoma kwa kurukaruka, kipande hapa, kipande kule. Tupime hivyo."

Muuzaji akasema hakuna shida. Akaita majina kumi kutoka kwenye taarifa zetu zilizokwisha kunakiliwa humo. Yalikuja kwa kujikokota. Akasema mashine ilikuwa haijachangamka, akayaita tena. Safari hii yakatoka yote kabla hajaondoa kidole. Ndipo mwenyekiti akapiga makofi.

"Ngoja," nikasema. "Hayo ni majina yaleyale."

"Ndiyo, mzee."

"Hayo mafaili bado yako mezani."

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Lakini masjala kila faili lililoombwa asubuhi nililiacha mezani, maana bosi huweza kulitaka tena. Akilitaka, namkabidhi papo hapo, ananisifu nina mbio. Mbio gani? Sikupanda ngazi!

Binti akaangua kicheko. "Babu, umemkamata. Mashine imeyaweka kwenye kumbukumbu yake ya muda, diski haijaguswa." Akafuta kumbukumbu hiyo, akatengeneza faili la majaribio kubwa mara mbili yake, lisiweze kuenea mezani, akaamuru mashine isome vipande vidogovidogo huku na huku.

Nikaisikia diski ndani inakwaruza, krr, krr, kama mtu anayeburuta ngazi. Namba ikatokea: megabaiti moja kwa sekunde haikufika.

"Rudisha," nikasema.

Mwenyekiti akawaka. "Msimu ukianza hatuna mashine, nitawaambia wakulima ni wewe!"

"Waambie. Usisahau kuwaambia na kwa nini."

Nyumbani, nakiri, nilikula kidogo siku zile. Kama muuzaji asingerudi, foleni ingekuwa na jina langu.

Alirudi siku ya nne.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Diski umeleta?"

Alileta za aina nyingine, zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Binti akapima vilevile, bila huruma. Kusoma kwa kurukaruka sasa kukawa mamia ya megabaiti. Nikamwambia achapishe karatasi ya kipimo, nikatia sahihi yangu kwa herufi kubwa, maana ndizo ninazoziandika vizuri. Ipo ukutani hadi leo.

Msimu ulipoanza nilikaa ndani ya dirisha nikimsubiri mtu mmoja tu. Yule mama wa Ruhembe akaja, akataja jina lake, akageuka kutafuta benchi akae, kama alivyozoea.

"Usikae, mama," binti akamwambia. "Unachomewa Jumanne, lori Jumatano asubuhi."

Akamtazama binti, akanitazama mimi. "Mbona upesi hivyo? Mmeangalia kweli?"

"Tumeangalia," nikasema. "Kanoe panga."