Sitara ya Mwosha Maiti

Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuwa mwosha maiti wa wanawake mtaani kwetu Malindi, miaka ya themanini hiyo, na mdomo wake haukuwa na kifuniko. Mwosha hutakiwa kuficha alichokiona. Yeye akirudi msibani alishika kikombe cha kahawa akaeleza nani alikuwa na kidonda wapi. Mamangu mzazi alipofariki, ndiye aliyemwosha. Kabla ya arubaini, mji mzima ulikwisha kujua kuwa titi lake moja lilikuwa limeoza.

Mwaka uliofuata yeye akaanza kutokwa na damu chooni. Akasema ni bawasiri, akanywa mizizi ya mganga wa Gede mpaka akashindwa kuketi. Nilimpeleka hospitali kwa nguvu. Daktari akasema ni saratani ya njia ya haja kubwa. Zamani, alisema, tiba ilikuwa moja: kuikata sehemu yote ile, na choo kikatokea tumboni kwenye mfuko, maisha. Sasa kulikuwa na njia mpya, Nairobi, ya mionzi pamoja na dawa za kutiwa mshipani, bila kisu.

Mavyaa hakuuliza ipi itamponya.

"Daktari, nikifa, hiyo mionzi itakuwa imeacha alama ya kuonwa na mtu?"

"Ngozi itaungua, mama. Kisha itapona."

Akachagua mionzi. Hakuwa na binti, kwa hiyo nikaenda naye mimi, wiki kadhaa. Aliungua mpaka ngozi ikambanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kila asubuhi nilimkalisha kwenye beseni la maji ya chumvi. Mwosha huoshwa, husema watu, nami nilikuwa namwosha angali hai. Alinishika mkono.

"Mwanangu, nisitiri."

"Kama ulivyomsitiri mamangu?"

Alilia. Nilifurahi, nasema kweli.

Uvimbe uliyeyuka. Tulirudi Malindi akitembea mwenyewe, na hakuosha maiti tena. Wanawake wakicheka uani, alinitazama usoni. Sikuwa nimemwambia mtu. Hata mume wangu alijua ni bawasiri tu. Siku moja mavyaa alinishika upindo wa leso.

"Umewaambia?"

Neno moja lingempa usingizi. Niliendelea kukuna nazi.